Okidi Iliyokufa kwa Huruma

Mwalimu mmoja wa Arusha alipostaafu, wenzake walimuaga kwa kanga, jiko la gesi na okidi nyeupe iliyopandwa kwenye kopo la plastiki linalopitisha mwanga. Kanga alizigawa, jiko akalipeleka kijijini, okidi akaiweka sebuleni karibu na dirisha la jua la asubuhi. Ilikaa na maua yake miezi miwili na ushee, wageni wakiyagusa kuhakikisha kama si ya plastiki. Kisha yakaanza kudondoka, moja leo, mawili keshokutwa, mpaka likabaki bua tupu juu ya majani manne.

Matatizo yalianzia hapo, na aliyeyaanzisha si mmea.

Mwalimu amekulia kwenye migomba na kahawa. Anavyojua yeye, mmea ukidhoofu umekosa udongo, mbolea au maji. Alipochungulia ndani ya kopo akakuta vipande vya magome ya mti, udongo hata chembe hamna, akawaonea huruma wenzake: kumbe wameuziwa mmea usio na udongo! Mizizi mingine ilikuwa imetoka nje, ya kijivu, inaning'inia hewani. Akatafuta chungu kikubwa, akakijaza udongo mweusi wa bustanini na samadi iliyooza vizuri, akaipanda okidi na kuifukia mizizi yote. Tangu siku hiyo ikawa kila asubuhi baada ya chai, kikombe kimoja cha maji.

Wiki za mwanzo mambo yalionekana shwari. Okidi haifi haraka. Majani yake manene yana akiba ya maji, na akiba hiyo huficha maradhi. Baadaye majani yakalegea na kuingia mikunjo. Mwalimu akaona ni kiu, kama ambavyo wengi tungeona. Kikombe kikawa viwili.

Mwishowe akamwita kijana anayeuza miche kando ya barabara.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie mgonjwa wangu."

Kijana hakuhangaika na majani. Aliushika mmea shingoni akauvuta, ukatoka bila ubishi. Akabana mzizi mmoja kwa vidole viwili, akauvuta taratibu: ngozi ya nje ikavuka kama soksi iliyolowa, mkononi ukabaki uzi mwembamba. Akajaribu wa pili, vilevile.

"Mgonjwa wako umemnywesha kupita kiasi."

"Mbona majani yamenyauka?"

"Kwa sababu hana tena kinywa cha kunywea."

Alijaribu kukata mizizi iliyooza, lakini uozo ulikuwa umeshapanda hadi kwenye shina. Ile okidi haikupona.

Okidi nyingi zinazouzwa kwa ajili ya sebuleni ni za jamii ya Phalaenopsis, asili yake misitu ya Asia ya Kusini Mashariki, kama Indonesia na Ufilipino. Huko huota juu ya matawi ya miti bila kuunyonya mti wenyewe, kama zinavyofanya baadhi ya okidi za mwituni kwetu huko Usambara. Mvua ikinyesha mizizi inalowa, upepo ukipita inakauka. Ngozi yake ina matundu madogo kama sponji: ikiwa kavu ni ya kijivu cha fedha, ikilowa inakuwa ya kijani. Kopo linalopitisha mwanga lina faida hiyo, unaiona rangi bila kuuliza mtu. Ikiwa ya kijivu, lowesha magome vizuri, maji yote yachuruzike, basi. Ikiwa bado ya kijani, kaa mbali. Mzizi uliofukiwa kwenye udongo mzito unaolowa kila siku hukosa hewa, unaoza, na mmea unakauka ukiwa umezungukwa na maji.

Tena Mwalimu hakukosea wakati. Baada ya maua kuisha ndipo hasa okidi huhamishwa, kama magome yamechakaa na kuwa unga. Kwa kawaida ni baada ya mwaka mmoja au miwili. Ila ihamishiwe kwenye magome mapya, na kopo lizidi la zamani kidogo tu.

Kuhusu bua, likikauka na kuwa la kahawia likate chini kabisa. Likiwa bado la kijani unaweza kulikata juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, pengine litatoa tawi lenye maua. Lakini mmea uliodhoofu mimi ningeukatia bua lote upate nguvu ya kuotesha majani na mizizi. Mkasi upitishwe motoni kwanza, maana virusi vya okidi husafiri kwa mkasi kutoka mmea hadi mmea. Na maji yakituama katikati ya majani, yafyonze kwa kitambaa kabla moyo haujaoza.

Maua mapya huitwa na ubaridi, wala si mbolea. Joto likikaa juu ya nyuzi 28 usiku na mchana, mmea huendelea kutoa majani tu. Arusha ina usiku wa baridi wa Juni na Julai. Walioko Pwani wangoje kipupwe na wafungue madirisha.

Kichipukizi kikichomoza kati ya majani, tazama ncha yake. Ya mviringo na inayong'aa ni mzizi. Iliyobapa kidogo na kuelekea juu ni bua, na likishatoka kopo lisigeuzwegeuzwe, kwa kuwa bua hufuata mwanga na maua yatapangika ovyo. Huchukua miezi miwili hadi mitatu kufungua ua la kwanza, na kwa muda huo mwenye mikono isiyotulia apewe tuta la mchicha apalilie.