TAA NYEKUNDU NA PUNDA WA BALAAMU

Masomo: Hesabu 22, 21 hadi 35, Matendo ya Mitume 27, 9 hadi 44.

 

Mafundisho ya leo yanatoka katika jambo lililotupata sisi wenyewe. Tunaliandika kwa haya, kwa sababu kosa lilikuwa letu sisi wazee wa kanisa. Lakini kosa lililofichwa huzaa lingine, na kosa lililoungamwa huwa dawa kwa wengi.

Wengi wenu mnakumbuka ile safari ya kwaya kwenda Uvira, miaka michache iliyopita, wakati wa kiangazi. Tulikodi gari la mjane mmoja wa hapa kwetu. Marehemu mume wake alimwachia gari hilo, na ndilo lililokuwa likilipa minervali ya watoto wake. Vijana walikwisha kupanda, ngoma zilikwisha kufungwa juu. Shofa akawasha moteri, kisha akatuita: “Papa Mchungaji, njooni muone. Hii taa nyekundu inakataa kuzimika.” Ilikuwa ile taa ndogo yenye picha ya kopo la mafuta na tone moja mdomoni mwake.

Nasi tulimjibu nini? Saa zilikuwa zimekwenda, na watu wa Uvira walikuwa wakitungoja. Tulimwambia: “Mwanangu, tumekwisha kuomba. Damu ya Yesu inatutangulia. Twende.” Shofa akanyamaza. Yeye ni mtoto mbele yetu, hangeweza kubishana na wazee. Na mmoja wetu, alipoona kwamba taa ile inawatia vijana wasiwasi, alitoa kipande cha sparadra akakibandika juu yake. Taa haikuonekana tena. Tukaanza kuimba.

Pale pale njiani, mama mzee mmoja alitusimamisha. Aliomba tumfikishe Uvira kwa mjukuu wake aliyekuwa mgonjwa. Tulimwambia nafasi imejaa. Alisema tu, “Haya, mwende salama,” akarudi kuketi chini ya mwembe.

Tulipopita Runingu, moteri ilianza kugonga kama mtu apigaye chuma kwa nyundo. Kisha ikakamata, gari likasimama, na jua likazama. Ninyi mnaoijua barabara yetu mnaelewa maana ya kulala njiani katika miaka ile. Watoto walilia usiku kucha. Hatukuimba tena, tuliomba kimya kimya. Mungu alituhurumia, hakuna aliyetugusa. Asubuhi lori moja lilituvuta hadi nyumbani.

Ndipo shetani alipopata mlango. Fundi hajafungua hata kitu kimoja, neno lilikwisha kutembea Sange nzima: yule mama mzee ndiye aliyelifunga gari, kwa sababu alinyimwa nafasi. Ilipofika jioni, vijana walikuwa wamesimama mbele ya mlango wake, na wengine walishika mawe. Wengine walikuja kwetu wakitaka tuingie katika maombi ili Roho amtaje mchawi kwa jina.

Wapendwa, hapo kanisa letu lilisimama ukingoni mwa shimo. Tungesema neno moja tu, damu ya mama yule ingekuwa juu ya mikono yetu hata leo. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mama mmoja mwonaji wetu. Aliomba kwa muda mrefu, akainuka, akasema mbele ya watu wote: “Sikuonyeshwa mtu. Nimeonyeshwa sparadra.”

Watu wakatawanyika, na wenye mawe wakayaacha chini. Kesho yake fundi alilala chini ya gari, akatuita tuone kwa macho yetu. Kile kizibo cha chini, kinachozuia mafuta ya moteri yasimwagike, kilikuwa kimelegea. Mafuta yalikuwa yakidondoka kidogo kidogo kwa siku nyingi. Vyuma vilikosa utelezi, vikasagana, vikashikana. Alituambia hivi: kama tungezima moteri dakika ile ile taa ilipokataa kuzimika, kazi ingekuwa kukaza kizibo na kujaza mafuta. Sasa moteri nzima imekufa.

Sasa tufungue Maandiko. Balaamu alikuwa mwonaji mwenye sifa, hata mfalme wa Moabu alituma watu wamwite. Lakini siku ile njiani, yeye mwonaji hakuona kitu. Aliyeona ni punda. Alimwona malaika wa Bwana mwenye upanga, akaacha njia, akambana Balaamu mguu kwenye ukuta, mwishowe akalala chini. Na Balaamu alifanya nini? Alimpiga mara tatu. Alimpiga yule aliyekuwa akimwokoa! Punda hakuwa mkaidi, wala hakurogwa. Punda alikuwa onyo.

Sisi ni kanisa linaloamini kwamba Mungu bado anasema kwa maono, kwa ndoto na kwa unabii. Hatuachi imani hiyo. Lakini jihadharini, wapendwa, tusiwe watu wanaosubiri malaika huku tukimpiga punda. Mungu aliyempa mwanadamu akili ya kutengeneza gari ndiye aliyemfundisha pia kuweka taa ndani yake. Sparadra yetu ilikuwa fimbo ya Balaamu.

Tazameni na safari ya Mtume Paulo kwenda Roma. Aliwaonya wenye merikebu kwamba majira yamekuwa mabaya na safari itakuwa na hasara. Yule akida wa askari alimsikiliza nahodha na mwenye chombo kuliko Paulo. Merikebu ilivunjika. Watu wote 276 waliokolewa, kwa neema, lakini shehena na chombo vilipotea. Neema ya Mungu haikugeuza kosa kuwa haki. Vivyo hivyo usiku wa Runingu: sisi tuliokolewa, lakini gari la mjane lilikufa.

Fundi yule alitufundisha mambo matatu, nasi tunawapa pamoja na maana yake ya kiroho.

Kwanza, rangi. Taa nyekundu ya mafuta au ya joto la moteri inasema: simama sasa, zima. Kama ni joto, usifungue kifuniko cha radiateri mpaka ipoe, maana maji yake yatakuunguza. Taa ya manjano yenye picha ya moteri inasema: unaweza kuendelea polepole, lakini nenda kwa fundi, usikawie. Ikiwa inawaka na kuzimika mfululizo, hiyo ni hatari zaidi, punguza mwendo na usimame. Maishani pia, si kila onyo lina uzito mmoja. Kikohozi cha majuma mawili ni taa: nenda ukapimwe kifua kikuu. Kuharisha maji matupu ni taa nyekundu: usingoje asubuhi, kimbia kituo cha afya, sisi tutakuja kukuombea huko huko kitandani. Mume na mke waliokaa mwezi mzima bila kusemezana, hiyo nayo ni taa.

Pili, taa isiyowaka kamwe. Unapofungua ufunguo kabla ya kuwasha moteri, taa za maonyo zapaswa kuwaka kwa muda mfupi, kisha zizimike. Hivyo gari linajipima. Ukiona taa haiwaki hata kidogo, usifurahi. Pengine imeungua, au muuzaji ameiondoa ili mnunuzi asijue ugonjwa. Vivyo hivyo dhamiri. Kuna mtu anayesema, “Mimi moyo haunisumbui tena ninapodanganya.” Ndugu yangu, hiyo si amani. Taa yako imeungua. Omba Mungu airudishe.

Tatu, nambari. Magari mengi ya siku hizi yana kompyuta ndogo ndani yake. Kule Marekani tangu mwaka 1996 magari mapya ya abiria yalilazimishwa kuwa na mfumo mmoja wa namna hiyo. Fundi huunganisha chombo chake, naye husoma nambari ya kosa. Lakini fundi mwenye akili hakimbilii kubadilisha kitu mara moja. Nambari inamwonyesha mahali pa kuanza kutafuta, haimwambii yote. Na ukiondoa waya wa batri ili taa izimike bila kutengeneza kitu, itarudi. Enyi waonaji wetu, shikeni neno hili. Maono nayo huonyesha mahali pa kuanza kutafuta. Yasitumiwe kumhukumu mtu kabla ya kufungua na kuangalia.

Hatuwezi kuzungumza juu ya maonyo hapa Sange bila kukumbuka Ijumaa ile, tarehe 2 Julai 2010. Lori la petroli lilipinduka katikati yetu, mafuta yakamwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 230 walikufa. Wengine walikuwa wamekwenda kuchota. Wengine walikuwa wameketi tu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, hawakupata onyo lolote. Hatumhukumu hata mmoja wao. Njaa nayo ni bwana mkali. Lakini tumewazika wengi mno ili tusijifunze: harufu ya petroli barabarani ni taa nyekundu. Mshike mtoto mkono, ondoka, uwaite na wengine.

Mtauliza, basi mlifanya nini na kosa lenu? Tulikwenda sisi wazee wote kwa yule mama mzee, tukapiga magoti mbele ya mlango wake na mbele ya vijana walioshika mawe, tukaomba msamaha. Alilia, akatuinua mmoja mmoja. Kisha akatuuliza kama kuna gari linalokwenda Uvira, maana mjukuu wake alikuwa bado mgonjwa. Tulimtafutia nafasi siku hiyo hiyo. Na kwa mjane tulitoa mchango wa mavuno mawili, mpunga na muhogo, mpaka moteri nyingine ikapatikana. Watoto wake walikuwa wamekosa masomo muda huo wote. Deni hilo hatukuweza kulilipa.

Tangu hapo tumeweka amri kanisani, nasi tunaiandika hapa ili isisahauliwe. Siku ya safari, maombi yatafanywa baada ya shofa kukagua gari, wala si badala ya kukagua. Shofa akisema hatuendi, hatuendi, hata kama aliyeketi kando yake ni mchungaji. Wala mtu yeyote asitajwe kuwa mchawi katika kanisa hili kwa sababu ya gari, ugonjwa au kifo.

Kila mmoja wetu ana kipande cha sparadra mahali fulani. Juma hili, kabla ya ibada ya Jumapili, kibandue uangalie kilicho chini yake. Kama ni nyekundu, simama. Bwana hakuiwasha ili akuaibishe. Aliiwasha ili ufike.

Bwana awabariki, awalinde njiani na nyumbani. Amina.