Mfuko Mmoja, Matofali Mangapi?

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi la mchana kuelekea Morogoro, ukishaipita Mbezi, dirishani huanza kuonekana maboma. Kuta zimefika lenta, madirisha ni matundu matupu, na mahali palipokusudiwa kuwa sebule umeota mpapai. Pengine hata ukuta haupo. Lipo rundo la matofali tu, limepangwa vizuri chini ya mwembe, limepiga weusi kwa mvua za masika kadhaa. Mgeni akitazama atasema watu hawa wameshindwa kumaliza. Mimi naona watu walioanza, na ambao bado hawajakata tamaa.

Wengi wetu hatujengi kwa mkopo. Mkopo wa nyumba unadai hati, hati inadai upimaji, upimaji unadai fedha, na baada ya hapo riba inamsubiri mtu mlangoni. Kwa hiyo mwalimu, askari, mama lishe na dereva wa bodaboda wanajenga kwa kile kinachobaki. Mwezi huu mifuko miwili ya saruji, mwezi ujao lori la mchanga, ukifika msimu wa kuvuna na kuuza mahindi anaitwa fundi aje afyatue. Msingi mwaka huu, jamvi mwaka kesho. Kupaua, Mungu akijalia.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba niliyokulia aliijenga hivyo. Matofali yake hayakufyatuliwa mahali pengine popote ila uani, ili ayaone. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuyamwagilia maji asubuhi kabla ya kwenda shule na jioni tukirudi, kwa kopo lililotobolewa matundu, na alikuwa akituuliza kwa ukali kama alivyotuuliza habari za sala. Tulidhani ni kazi ya kutuzuia tusizurure. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba saruji haikazwi na jua. Inakazwa na maji. Tofali likikauka upesi kwenye jua kali, ule mshikamano wa saruji na mchanga unakatika katikati ya kazi yake. Ndiyo maana mafundi wanaojiheshimu humwagilia kwa wiki nzima au zaidi, na wahandisi hupima nguvu ya zege baada ya siku 28.

Alikuwa na sababu nyingine ya kupenda matofali kuliko fedha taslimu. Shemeji akija na shida, fedha iliyo kabatini haina utetezi. Utamwambia nini, na yeye ameshajua ipo? Lakini hakuna ndugu anayekuja kukopa nusu tofali. Rundo lile uani lilimsemea mama yale ambayo yeye mwenyewe, kwa adabu, asingeweza kuyasema: kwamba alikuwa na mipango yake, na kwamba mipango hiyo ilikuwa na watoto ndani yake.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Tofali karibu kila mara linasimama mahali pa mtu ambaye hayupo.

Tazama foleni. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari, sabuni na unga vilipoadimika Tanzania, wanakumbuka foleni za dukani zilizoanza usiku. Hakuna aliyeweza kusimama mpaka alfajiri akiwa na mtoto mgongoni, hivyo watu waliacha jiwe au kipande cha tofali kwenye nafasi yao wakaenda kulala. Bado utaliona jambo hili kwenye bomba la maji vijijini na mitaani kwetu: ndoo, dumu, jiwe, tofali, ndoo. Vipande hivyo havina jina wala namba. Lakini kila mmoja anajua kile ni cha bibi wa nyumba ya pembeni, na anayekisogeza kwa mguu atashughulikiwa na mtaa mzima. Naiona heshima hii kuwa kubwa kuliko tunavyoisifia. Bibi yuko ndani amelala, na haki yake iko nje, imeachwa bila mlinzi, na asubuhi anaikuta.

Linganisha na barabara. Kwenye mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, malori ya kwenda Mbeya na Zambia hupanda polepole, na lori likishindwa katikati ya kona, utingo huruka chini na jiwe mkononi akaliweke nyuma ya tairi. Jiwe lile kwa dakika hizo limebeba uhai wa watu. Kisha gari linatengenezwa, linaondoka, na mara nyingi jiwe linabaki pale pale barabarani, likimngoja mwenye pikipiki atakayepita usiku bila taa nzuri. Aliyeliacha yuko mbali sana, labda ameshafika mpakani Tunduma. Jiwe ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba kwenye foleni ya maji wanaolizunguka jiwe wanamjua mwenyewe, na barabarani hakuna anayemjua.

Na tofali la ukutani, je? Hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu mtu asiyekuwepo hapo ni yule aliyechanganya.

Swali la kwanza ambalo mjenzi huuliza kwenye yadi ya matofali ni bei. Swali la pili, kama amefundwa na wakubwa, ni hili: mfuko mmoja unatoa matofali mangapi? Mfuko wa saruji una kilo 50. Kwa matofali ya inchi sita, fundi mwenye kujali atakutajia thelathini na kitu hivi, kulingana na mchanga wake. Anayetoa hamsini au sitini kwenye mfuko ule ule hajagundua elimu mpya. Amepunguza saruji, basi. Na kwa macho huwezi kujua. Likitoka kwenye kibao ni la kijivu, lina pembe nne, linafanana na lenzake kabisa. Utaligundua ukilikwaruza kwa msumari likatoa unga, au ukiligonganisha na jingine likatoa mlio mfu badala ya mlio mkavu unaoitika, au siku lori linaposhusha mzigo na robo yake ikageuka kuwa mchanga kabla haijafika ardhini. Likishapigwa lipu na kupakwa rangi, hakuna wa kuuliza tena. Siri inabaki kati ya ukuta na aliyeufyatua.

Kuna na mchanga. Mchanga wa baharini una chumvi, chumvi hula nondo na hufanya ukuta utokwe na jasho jeupe miaka yote. Mchanga uliojaa udongo haushikani vizuri na saruji. Muuzaji anayajua haya yote. Mnunuzi, ambaye pengine ni mjane aliyeweka akiba kwenye kikoba, hayajui, na amekuja na fedha zake kwenye pochi iliyofungwa kwa kitambaa. Kumwibia mtu huyu saruji ni kumwibia miaka, na miaka hairudishwi hata ukikamatwa.

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa kwenye Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo jingine liliporomoka Kariakoo saa za biashara, watu wakiwa madukani. Sababu za kila anguko ni za wahandisi kuzieleza, wala siwezi kusema ni tofali. Ninachosema ni kwamba kila jengo ni mamia ya maamuzi madogo yaliyofanywa na watu ambao wakaazi wake hawatawaona kamwe, na mazoea ya kupunguza kidogo hapa na kidogo pale huanza chini kabisa, kwenye kibao cha mbao na chepe.

Pwani yetu ina mfano wa kinyume chake, na hauhitaji kutafutwa mbali. Kilwa Kisiwani bado umesimama Msikiti Mkuu, ambao ulianza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari. Watu wale hawakuwa na saruji. Kuta walizijenga kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu. Kwa kazi ya urembo, mihrabu na fremu za milango, walikata matumbawe hai kutoka baharini, wakayachonga yakiwa bado laini kabla hewa haijayakausha yakawa magumu. Chokaa waliipata kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya lundo la magogo. Kuni ziliteketea nyingi na mwamba wa bahari uliumizwa, lazima tuseme ukweli. Lakini chokaa ile haikukubali haraka. Hukauka kwa miezi, na mwashi aliyeiharakisha aliangushiwa ukuta wake. Hata upana wa chumba haukuwa wa kujitakia: boriti ya mkoko inafika urefu fulani tu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba.

Napenda hasa desturi ya Lamu ya kujengea mabinti. Binti akiolewa, familia zenye uwezo zilimwongezea nyumba, ama kwa kupandisha ghorofa ama kwa kujenga ng'ambo ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili kwa wikio, lile daraja la juu linalopita juu ya vichwa vya wapita njia. Aliyepanga mawe ya chini alijua kwamba siku moja yatabebeshwa nyumba ya mtoto ambaye pengine hajazaliwa. Alijenga msingi mnene kwa ajili ya uzito ambao yeye hatauona.

Wala si kwamba jiwe likishasimama limemaliza. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, iliporomoka sehemu kubwa ya upande wake mmoja tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu wawili. Ukuta unahitaji mtu wa kuutazama kila kizazi: mfereji wa maji ya mvua, ufa mdogo, mmea uliotia mizizi juu ya paa. Haya hayana sherehe ya uzinduzi, kwa hiyo huachwa.

Tukirudi kwenye matofali, nyanda za juu kusini wanayachoma. Iringa, Njombe, Mbeya, ukipita kiangazi utaona matanuri yakitoa moshi kando ya mashamba, na tofali jekundu likishaiva vizuri ni zuri mno, halihitaji hata rangi. Ila kila tanuri limekula miti, na miembe iliyopandwa na babu imeishia humo. Kwa upande wangu ningependa tuyape nafasi kubwa zaidi matofali ya kufungamana, yale ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi uliyahimiza kwa miaka mingi. Hayachomwi, na yanapangwa bila udongo mwingi wa kuunganishia. Yanataka tu mtu anayejua udongo wake na asiyedanganya kwenye kipimo. Tunarudi kwa yule yule anayechanganya.

Basi nimalizie na yeye. Vijana wanaofyatua matofali kwenye yadi za mijini wengi hulipwa kwa idadi. Tofali moja, shilingi kadhaa. Huanza kabla jua halijachomoza, na wengi hushika saruji mbichi kwa mikono mitupu, na saruji mbichi inaunguza. Angalia vidole vya mfyatuaji wa siku nyingi utaona nyufa ambazo hazifungi. Mnunuzi anapofika na kubana bei, mchanga haupungui bei, lori halipungui, mwenye yadi hapunguzi faida yake. Vinavyoweza kupungua ni viwili: saruji na ujira wa yule kijana. Kwa hiyo sisi wanunuzi nasi tumo. Tunapolisifia tofali la bei rahisi tunakuwa tumeshaagiza, bila kutamka, lichanganywe hivyo.

Afisa afya huingia buchani akatazama nyama, huingia hotelini akatazama jiko. Shirika la Viwango Tanzania lina viwango vya vifaa vya ujenzi. Lakini sijaona mtu wa halmashauri akiingia kwenye yadi za mtaani kwetu, zile zilizo kando ya barabara zenye kibao kilichoandikwa kwa mkono, akachukua matofali matatu na kwenda kuyapima. Waanze na hizo. Na wakifika, wasiishie kwenye matofali, waulize pia vijana wale wana glavu na buti, na jana walilipwa shilingi ngapi.