Deni Kwanza: Kufundisha Familia za Vijijini Matumizi ya Fedha Kiislamu

Mkulima wa korosho Mtwara au Lindi hupata fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, baada ya mavuno ya mwishoni mwa mwaka. Miezi inayofuata nyumba huendeshwa kwa kukopa. Ndiyo maana somo la fedha kwa familia kama hiyo lianze na deni, si akiba, kwani mara nyingi korosho huwa zimeshaliwa zingali mtini: mwenye njaa huziuza mapema kwa bei ya kutupa, biashara iitwayo kangomba.

Mtume (SAW) alikataza kuuza matunda kabla hayajaanza kukomaa, kwa kuwa yakiharibika mnunuzi atakuwa ametoa fedha bure. Hata hivyo, sharia haikumfungia mhitaji kila mlango. Upo mkataba wa salam, unaofaa kwa zao kama mpunga au mahindi: mnunuzi hulipa bei yote papo hapo, mkulima huahidi uzito, aina na tarehe ya kukabidhi, bila kutaja shamba fulani. Bei bado yaweza kumpunja. Mwalimu asimfiche hilo.

Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Al-Baqara, inaagiza deni liandikwe na lishuhudiwe. Vijijini watu huona haya kumwandikisha ndugu, wakidhani ni kumshuku, na haya hiyo imevunja undugu mwingi. Daftari la shule latosha: jina, kiasi, siku ya kulipa, mashahidi. Aliyekwama apewe muda, inasema aya ya 280. Kumwongezea muda kwa malipo ya ziada ni riba. Hapo ndipo vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyotoza riba kwa mikopo vinapoingia doa, ilhali upatu, ambao kila mmoja hupokea sawa na alichochanga, hauna tatizo hilo.

Mbali na deni, mavuno yana haki ya zaka. Zaka ya mpunga uliostawi kwa mvua ni sehemu moja ya kumi, mavuno yakifikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachoiwajibisha, nayo hutolewa wakati wa mavuno.

Kwa sharia, chakula, mavazi na makazi ni juu ya mume, na mali ya mke ni yake mwenyewe. Fedha zake za upatu hazilipi deni la mumewe ila kwa ridhaa yake. Basi wanaofundisha wawaite wote wawili, wakae mbele ya daftari moja.