Hesabu Isiyo na Shahidi

Umepata kusikia, ewe msomaji, habari za machimbo yasiyo na shimo? Tangu Januari 2009, ilipoanza sarafu iitwayo Bitcoin, watu huchimba fedha pasipo jembe wala sururu. Chombo chao ni kompyuta, nayo hubahatisha nambari mara nyingi mno hata ipatikane ile inayofaa kufunga ukurasa mpya wa daftari la sarafu hiyo. Aipataye kwanza hulipwa sarafu mpya: mwanzoni zilikuwa 50 kwa kila ukurasa, tangu Aprili 2024 ni 3.125. Kazi hii hula umeme mwingi, lakini mtu aweza kuifanya chumbani mwake, mlango umefungwa, jirani asijue.

Hapo ndipo swali lizaliwapo. Je, pato lisiloonwa na mtu lina haki ya watu wengine ndani yake?

Nchini Marekani sheria imejibu. Mwaka 2014 idara ya kodi ilitangaza kuwa sarafu iliyochimbwa ni pato, na kipimo chake ni bei ya siku ilipopokewa. Tuseme mtu amepata sarafu za dola 1,000, kisha bei ikaanguka zikawa dola 400. Pato la kutajwa ni dola 1,000. Hasara itakuwa na hesabu yake siku atakapoziuza. Kibarua aliyelipwa kwa magunia ya mahindi hawezi kusema hakulipwa, kwa kuwa bei ya mahindi ilishuka baadaye.

Sheria hiyo haikusahau gharama. Afanyaye kazi hii kama biashara huruhusiwa kupunguza katika pato lake bei ya umeme na uchakavu wa mitambo. Afanyaye kwa kujifurahisha hana ruhusa hiyo, ingawa pato lake lazima alitaje. Basi mitego ni miwili. Mmoja huuita mchezo wake biashara. Mwingine ana biashara ya kweli, lakini huandika umeme wote wa nyumba, pamoja na uliopika chakula cha watoto. Wa kwanza amedanganya kwa jina, wa pili kwa kipimo.

Utasema, "Nani atakayejua? Na kama serikali yatumia kodi vibaya?" Neno hili ni zito, wala halifai kudharauliwa. Lakini mwenye manung'uniko ana kura, ana kalamu na ana baraza. Afichaye hamkomoi mtawala; humtwika jirani. Mzigo aukwepao huangukia mshahara wa mwalimu na karani, ambao hukatwa kodi kabla haujafika mkononi, nao hawana pa kuuficha.

Kwetu Kenya, mwaka 2023 iliwekwa kodi ya asilimia 3 juu ya mauzo ya mali za namna hii. Mwaka 2025 ikafutwa, na pahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma. Sheria hugeuka, lakini wajibu wa kusema kweli haugeuki.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari bila kweli humpoteza mwenyewe. Andika tarehe, kiasi na bei ya siku hiyo. Fomu haina macho ya kukutazama usoni. Wewe unayo, nawe utakuwa shahidi wa kwanza wa ulichoandika.