Bidii Yetu Inaelekea Wapi?

Soma kwa ajili ya somo hili: Warumi 10:1–4, Mathayo 23:23, 24, Luka 9:51–56, Wafilipi 3:4–9.

Paulo alipowaandikia Warumi kuhusu ndugu zake Wayahudi, hakuwashitaki kwa uvivu. Alikiri kwamba walimtumikia Mungu kwa bidii nyingi. Walichopungukiwa ni kuielewa haki ambayo Mungu mwenyewe huitoa. Alijua alichokisema, maana bidii ya namna hiyo ndiyo iliyomfanya yeye aliudhi kanisa. Kumbe mtu anaweza kuwa na bidii ya kweli kwa ajili ya Mungu na bado akampinga Kristo. Basi tutajuaje kwamba bidii yetu imeelekea mahali panapostahili?

Historia ya kanisa letu inatupatia mfano. Kuanzia Oktoba 17 hadi Novemba 4, mwaka 1888, wajumbe wa Konferensi Kuu walikutana katika mji wa Minneapolis, Marekani. Mwezi Mei mwaka huo seneta Blair alikuwa amepeleka mbele ya Seneti muswada wa sheria ya Jumapili, na Waadventista wengi waliona unabii ukitimia mbele ya macho yao. Wakati kama huo, kukubali kosa lolote katika mafundisho ya unabii kulionekana kama kumpa adui silaha. Uriah Smith, mhariri aliyeheshimiwa sana, alifundisha kwamba Wahun walikuwa mojawapo ya pembe kumi za Danieli 7. A. T. Jones, aliyekuwa kijana kwake, alisema nafasi hiyo ni ya Waalemanni. Mabishano yakawa makali. Likaongezeka suala la sheria inayotajwa katika Wagalatia, ambalo nalo lilikuwa limewagawa ndugu tangu kabla ya mkutano.

Katika mkutano huo huo E. J. Waggoner alihubiri juu ya haki ya Kristo inayopokelewa kwa imani. Ellen White, aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 61, aliuunga mkono ujumbe huo kwa furaha. Kuhusu sheria katika Wagalatia, alieleza kwamba halikuwa jambo la kufa na kupona, wala halikupaswa kufanywa hivyo. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kujipanga upande mmoja au mwingine. Mahubiri juu ya Mwokozi yakasikika masikioni mwao kama hoja ya upande wa pili.

Tusiwahukumu haraka. Wengi wao walikuwa wametoa maisha yao kwa kazi ya Mungu, nao waliamini kwamba wanailinda kweli. Mtego ulikuwa hapa: kwa kuwa kila jambo lilihusu kweli, kila jambo lilionekana kuwa na uzito uleule.

Mtu atauliza: Je, kweli iliyo ndogo si kweli? Anayelegea katika dogo, hatalegea pia katika kubwa? Swali hili ni la haki, na Yesu amelijibu. Mafarisayo walitoa zaka hata ya mnanaa, bizari na jira. Yesu hakuwaambia waache. Aliwaambia kwamba yako mambo yaliyo mazito zaidi katika sheria, nao wameyapita. Kwa hiyo dogo lina mahali pake. Hatari huja pale linapokalia kiti cha kubwa.

Yakobo na Yohana wanatuonyesha dalili ya hatari hiyo. Kijiji cha Wasamaria kilipokataa kumpokea Yesu, waliomba ruhusa ya kuita moto kutoka mbinguni. Waliona uchungu kwa ajili ya heshima ya Bwana wao, na hata walikuwa na mfano wa Eliya. Lakini Yesu alikuwa njiani kwenda Yerusalemu kufa, na Wasamaria wale walikuwa miongoni mwa wale aliowafia. Bidii inapotufanya tumwone mtu kuwa kikwazo cha kuondolewa, imekwisha kupotea njia. Paulo hakufanya hivyo. Kabla ya kutaja upungufu wa ndugu zake, alisema kwamba anawaombea waokolewe.

Liko onyo jingine. Mwaka 1891 Uriah Smith alikiri mbele ya ndugu zake kwamba alikosea katika mwenendo wake. Lakini Jones na Waggoner, waliohubiri vizuri hivyo, miaka ya baadaye walitengana na kanisa. Kulijua somo kuu hakutoshi. Tunahitaji kukaa ndani ya Kristo kila siku.

Nasi je? Baraza la kanisa linaweza kukaa mpaka usiku likijadili kinanda na sare za kwaya, huku daftari la Shule ya Sabato likionyesha kwamba dada mmoja hajafika kwa Sabato sita na hakuna aliyekwenda kumwona. Tunaweza kuhesabu kwa shangwe waliobatizwa katika mkutano wa injili, na baada ya miezi mitatu tusijue wanaishi wapi. Kinanda kijadiliwe kwa utaratibu, na hesabu ziandikwe kwa uaminifu. Lakini mambo haya yasituchoshe kiasi kwamba tukifika kwa yule dada aliyepotea hatuna nguvu iliyobaki.

Sabato hii, kabla darasa halijatawanyika, fungueni daftari. Tafuteni majina ya wasioonekana, yaombeeni, na mpange nani atakwenda kwa nani mchana huu.

Maswali ya kujadili

1. Ni jambo gani lililowagawa waumini katika kanisa lenu mwaka huu? Lina uzito gani likipimwa kwa Mathayo 23:23?

2. Je, yuko mtu unayebishana naye ambaye hujawahi kumwombea kwa jina? Warumi 10:1 inakuelekeza ufanye nini?

3. Tunawezaje kuilinda kweli bila kumpoteza ndugu?