Kumchagua Mchaguzi: Busara na Bahati katika Kazi ya Meneja Mkuu

Meneja mkuu wa timu ya mpira wa kikapu ya kulipwa ni mtu ambaye kazi yake ni kuchagua watu. Katika NBA, ligi ya Marekani na Kanada yenye timu 30, yeye huamua mchezaji gani asajiliwe, nani abadilishwe na timu nyingine, kijana yupi achukuliwe kwenye drafti ya kila mwaka, na mara nyingi kocha yupi akae benchi. Kocha hukipanga kikosi alichokabidhiwa. Meneja mkuu ndiye anayekikabidhi. Kwa hiyo mmiliki anayetafuta meneja mkuu mpya anamchagua mchaguzi, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Urefu wa mchezaji hupimwa kwa futi na kasi yake kwa saa. Uamuzi wa mtu haupimwi hivyo. Methali ya pwani isemayo mchagua nazi hupata koroma hutumika kumwonya mwenye kuchagua mno, lakini imebeba pia ukweli wa kila mteuzi: nazi haijulikani ndani mpaka ivunjwe. Kinachoonekana cha meneja ni matokeo yake tu, na hapo swali la kale la dini na falsafa linaingia kiwanjani: je, uamuzi huwa mwema kwa sababu ya kilichotokea baadaye, au kwa sababu ya alichokijua mwamuzi siku alipoamua?

Vitabu vya dini vinaijua kazi ya uteuzi. Katika Kurani, binti wa mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Musa, kwa hoja kwamba anayefaa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1328, alizifanya sifa hizo mbili kuwa nguzo za mafundisho yake juu ya kuwapa watu vyeo. Nguvu, kwake, ni uwezo unaodaiwa na kazi yenyewe. Uaminifu ni kumcha Mungu na kutowaogopa watu. Alikiri kwamba sifa hizo hukutana kwa nadra ndani ya mtu mmoja, hivyo mteuzi atazame kazi inahitaji ipi zaidi: kwa jemadari nguvu itangulie, kwa mtunza mali uaminifu utangulie. Meneja mkuu ana sehemu katika kazi zote mbili. Anashindana na wenzake 29 wanaotaka kumzidi ujanja, na papo hapo ameshika amana: mali ya mwajiri, riziki ya wachezaji, na mapenzi ya mji mzima.

Matendo ya Mitume yana kisa kingine. Nafasi ya Yuda ilipobaki wazi, mitume waliweka kwanza sharti: awe mtu aliyefuatana nao wakati wote, tangu ubatizo wa Yohana. Wakapatikana wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya. Wakaomba, kisha wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya. Mpangilio huo unastahili kutazamwa vizuri. Akili ilitumika hadi ilipofika mwisho wake, ndipo kura ikaanza, na kila aliyekuwapo alijua mpaka uko wapi. Katika michezo ya kulipwa mpaka huo hufutika. Kura hupigwa kimyakimya ndani ya matukio, kisha matokeo yake huitwa busara ya fulani au upumbavu wa fulani.

Ndani ya NBA bahati imepewa hata mashine yake. Kila mwaka mipira 14 midogo, kama ile ya tenisi ya meza, yenye namba 1 hadi 14, huwekwa ndani ya chombo kinachoichanganya, na minne hutolewa mmoja mmoja. Michanganyiko ya namba nne inayowezekana ni 1,001. Mmoja hauhesabiwi, na 1,000 iliyobaki hugawiwa timu 14 zilizokosa mchujo. Hadi mwaka 2018 timu mbovu kuliko zote ilipewa michanganyiko 250. Tangu 2019 timu tatu za mkiani hupata 140 kila moja. Mshindi huchagua wa kwanza kwenye drafti, na chaguo moja la namna hiyo laweza kubadilisha miaka 10 ya timu.

Sam Hinkie, aliyepewa Philadelphia 76ers mwaka 2013, aliijengea mashine hiyo mkakati mzima. Aliwaachia wachezaji waliokwisha kukomaa, akakusanya haki za kuchagua vijana, akakubali kufungwa. Katika misimu mitatu ya mechi 82 timu ilishinda mechi 19, kisha 18, kisha 10. Alijiuzulu Aprili 2016 kwa barua ya kurasa 13. Hoja yake ya msingi ilikuwa kwamba mtu apimwe kwa njia aliyoifuata, kwa kuwa mwisho wa njia haumo mikononi mwake. Wastoa wa Ugiriki walikuwa na mfano uliofanana na huo, ambao Cicero aliuhifadhi: mpiga mshale mwema hufanya kila liwezekanalo ili alenge sawasawa, na wema wake umekamilika hapo, hata kama mshale haukufika shabaha. Mwezi mmoja baada ya Hinkie kuondoka, mipira ile minne iliipa Philadelphia chaguo la kwanza.

Hoja ya Hinkie ina nguvu, na yeyote aliyewahi kulaumiwa kwa jambo lisilokuwa katika uwezo wake ataielewa. Lakini mshale wa Wastoa hauna moyo. Timu ina watu ndani yake. Wachezaji waliovaa jezi ya Philadelphia miaka ile walifungwa usiku baada ya usiku kwa ajili ya kesho ambayo wengi wao hawangekuwamo, na familia zililipa viingilio kutazama kikosi kilichopangwa kisishinde. Hesabu inaweza kuwa sahihi kwenye karatasi na bado ikawakosea wale waliohesabiwa.

Masai Ujiri alikuja kwa njia nyingine. Mama yake ni daktari Mkenya, baba yake Mnigeria. Alizaliwa Uingereza mwaka 1970 na kukulia Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Aliingia NBA kama msaka vipaji wa Orlando Magic asiyelipwa mshahara, na mwaka 2010 Denver Nuggets walimkabidhi timu. Mwaka 2013 alipata tuzo ya kiongozi bora wa mwaka, na Toronto Raptors wakamchukua. Miaka mitano baadaye alifanya mambo mawili yaliyowashtua wengi. Alimwondoa kocha Dwane Casey katika mwaka uleule ambao Casey alitunukiwa tuzo ya kocha bora wa ligi. Kisha, Julai 2018, alimpeleka mchezaji wake DeMar DeRozan kwenye timu ya San Antonio ili ampate Kawhi Leonard, mchezaji aliyekuwa amecheza mechi 9 tu msimu uliopita kwa sababu ya maumivu ya mguu, na ambaye mkataba wake ulimruhusu kuondoka baada ya mwaka mmoja.

Njia ya Hinkie na njia ya Ujiri zilikutana juu ya ringi moja. Tarehe 12 Mei 2019, mjini Toronto, Raptors na 76ers walikuwa kwenye mechi ya saba na ya mwisho ya raundi ya pili ya mchujo. Matokeo yalikuwa 90 kwa 90, zimebaki sekunde 4.2. Leonard alipokea mpira, akakimbia kuelekea kona ya kulia, akaruka. Aliyenyoosha mkono kumzuia alikuwa Joel Embiid, kijana ambaye Hinkie alimchagua katika drafti ya 2014. Ili mpira upite juu ya mkono ule ilibidi urushwe juu sana. King'ora kililia ukiwa bado hewani. Uligonga ringi, ukadunda. Ukagonga tena, na tena, na mara ya nne, kisha ukaanguka ndani. Leonard alikuwa amechuchumaa pembeni ya uwanja akiutazama kama watazamaji wengine. Juni mwaka huo Toronto walitwaa ubingwa wao wa kwanza, na Ujiri akawa mtu mwenye busara machoni pa kila mtu.

Mpira ule ungetoka nje, Toronto wasingekuwa wamefungwa; ungefuata muda wa nyongeza, na lolote lingewezekana. Hata hivyo hakuna awezaye kusema kwa haki kwamba kilichokuwa kichwani mwa Ujiri Julai 2018 kiligeuka kizuri zaidi au kibaya zaidi mpira ulipodunda kwa mara ya nne. Uamuzi ulikwisha kufanyika miezi kumi kabla.

Wanafalsafa wawili walilijadili jambo hili kwa kina mwaka 1976, Bernard Williams na Thomas Nagel walipoandika, mmoja akimjibu mwenzake, juu ya bahati katika maadili. Williams alimtumia mchoraji Gauguin, katika sura aliyoibuni yeye mwenyewe: mtu anayewaacha mke na watoto akachore mbali, na ambaye kitu pekee kinachoweza kumtetea ni kufaulu kwake, jambo asiloweza kulijua anapoondoka. Nagel alionyesha kwamba kila siku tunawahukumu tofauti watu waliofanya kosa lilelile kwa sababu tu mmoja alipatwa na balaa na mwingine akapona. Hakuna hata mmoja wao aliyefaulu kulifunga swali, na ukweli wao katika hilo ni sehemu ya thamani ya maandishi yao.

Dallas Mavericks walilikuta swali hilo katika mwaka mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2025 meneja mkuu wao, Nico Harrison, alimpeleka Luka Dončić Los Angeles Lakers, akapokea Anthony Davis, Max Christie na haki ya kuchagua ya mwaka 2029. Dončić alikuwa na miaka 25, na miezi minane tu kabla ya hapo alikuwa ameifikisha timu fainali. Harrison alieleza kwamba ulinzi ndio unaoleta ubingwa. Davis aliumia katika mechi yake ya kwanza, tarehe 8 Februari, akiwa amekwisha kufunga pointi 26. Machi, mchezaji mwenzake Kyrie Irving alichanika kano ya goti. Mashabiki walianza kuimba ukumbini, kwa jina, wakitaka Harrison afukuzwe. Kisha, tarehe 12 Mei 2025, miaka sita kamili tangu mpira wa Leonard, mipira ya bahati nasibu iliipa Dallas chaguo la kwanza ikiwa na nafasi ya asilimia 1.8 tu, na timu ikamchukua Cooper Flagg, kijana wa miaka 18. Novemba 11, timu ikiwa imeshinda mechi 3 na kufungwa 8, Harrison aliachishwa kazi.

Goti la Irving halikuwa kosa lake, na Flagg hakuwa matunda ya akili yake. Mtu akiviondoa vyote viwili kwenye mizani, kinachobaki ni usiku ule wa Februari: kipi kilijulikana, kina nani waliulizwa, timu ngapi zilisikilizwa kabla ya mmoja wa wachezaji bora duniani kuachiwa. Hukumu juu ya Harrison ilipaswa kusimama hapo. Na ikisimama hapo bado ni nzito, kwa sababu mazungumzo yaliendeshwa kwa siri na timu moja, bila wengine kupewa nafasi ya kutaja bei yao.

Fundisho la Kiislamu kuhusu hakimu linasaidia hapa. Hakimu aliyejitahidi akapatia ana thawabu mbili. Aliyejitahidi akakosea ana moja. Fundisho hilo haliyafuti matokeo, maana kupatia kuna fungu lake. Lakini halimwachi mwenye juhudi ya kweli mikono mitupu, na wala halimpi chochote aliyepatia bila kujitahidi. Neno zito ni juhudi: kuutoa uwezo wote katika kutafuta lililo sawa. Aliyerusha shilingi akapatia hayumo.

Hata juhudi hailipi kila deni. DeRozan aliitumikia Toronto misimu tisa, na aliposikia anaondoka alisema wazi kwamba aliaminishwa vingine. Ujiri alimwomba radhi hadharani siku chache baadaye, kabla Leonard hajacheza hata dakika moja. Tarehe ya radhi hiyo ina maana kubwa. Radhi ya baada ya ubingwa ingekuwa rahisi, na ya baada ya kushindwa ingefanana na kujitetea. Williams aliona kwamba mtu aweza kuchagua lililo bora akabaki na mzigo juu ya yule aliyeumizwa na uchaguzi huo. Asiyeusikia mzigo huo ana kasoro ambayo ushindi hauwezi kuiponya.

Basi mmiliki anayewasaili watu watatu au wanne kwa nafasi hii ana ushahidi zaidi ya jedwali la ushindi. Anaweza kuomba sababu zilizoandikwa kabla ya matokeo kujulikana. Anaweza kumtaka kila mmoja ataje uamuzi wake uliofaulu ingawa ulikuwa mbaya. Asiye na hata mmoja hajajichunguza. Anaweza kuwapigia simu wachezaji waliouzwa naye, hasa wale ambao hawakufika mbali, awaulize waliambiwa nini, na nani, na lini.

Ana pia la kujiuliza mwenyewe. Patrick Dumont, anayeiongoza Dallas kwa niaba ya familia inayoimiliki, ndiye aliyeidhinisha kuondoka kwa Dončić. Baada ya Harrison kuondolewa, Michael Finley na Matt Riccardi walikabidhiwa kazi kwa muda, na jukumu la kumpata mrithi likabaki kwa Dumont. Katika utafutaji wa namna hiyo faili la kwanza kufunguliwa ni la mteuzi: Februari ile aliletewa nini mezani, aliuliza nini, na alijibiwa nini kabla ya kutia saini.