Gunia Lisilo na Jina

Ichukuliwe nyumba ya mkulima wa Busale, katika wilaya ya Kyela isifikayo kwa mpunga. Ukutani yameegemea magunia mawili yaliyofanana: moja lina mpunga wa kula, la pili lina mbegu iliyotiwa dawa ya wadudu. Aliyeyafunga ayajua. Siku asafiripo, mwingine afungua lililo karibu na mlango, akatwanga, akapika. Kosa ni la nani?

Swali hili huwakabili pia waandishi wa programu za kompyuta. Lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, huruhusu ghala moja kutunza data za aina yoyote. Njia iliyozoeleka ni kutunza anwani tu ya mahali data ilipo, pasipo kutaja ni data gani. Aiwekaye yampasa akumbuke. Aitoaye yampasa akisie sawasawa. Akikosea, kompaila, yaani programu igeuzayo maandishi kuwa amri za mashine, hainung'uniki. Namba husomwa kana kwamba ni jina, na hasara huzuka mbali na mahali pa kosa.

Wako mabingwa wasemao kuwa mwangalifu hahitaji ulinzi. Hoja hii ina heshima yake, kwani kumwamini mwandishi kulitajwa miongoni mwa misingi ya kanuni za C za 1989. Walakini uangalifu ni sifa ya mtu, na ghala huishi kuliko mtu. Kamati iliyotayarisha kanuni za 2011 yenyewe ilikiri kuwa msingi huo umepitwa na wakati katika kazi za usalama.

Alama yaweza kubandikwa juu ya kila gunia; lakini humfaa asomaye tu, tena kosa hugunduliwa programu ikiwa tayari kazini. Iliyo bora ni makro: kiolezo kimoja kizaacho ghala mbalimbali, kila moja kwa aina yake, hata kompaila ikatae data ngeni kabla programu haijaanza kazi. Gharama zipo. Maandishi huongezeka, na malalamiko ya kompaila huwa marefu kama kesi ya mpaka wa shamba. Lakini gharama hizo humwangukia mtengenezaji, naye ndiye ajuaye kilichomo.

Mwenye nyumba wa Busale angaliweza kuitia mbegu katika debe lenye kufuli. Ingalimgharimu debe moja.